Mteremko wa Lushoto unaficha ugonjwa wa gari

Asubuhi ya Julai, ukungu ulikuwa bado umeikalia stendi ya Lushoto. Abiria wa Mlalo walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti na viroba vya karoti vimeshapangwa kando ya Noah moja ya zamani. Dereva akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi ziliwaka, zikafifia, na chini ya boneti ikasikika sauti moja kavu: tik. Akazungusha tena. Tik. Konda aliita vijana waje wasukume, kisha akakumbuka kwamba gari ni otomatiki, hata lisukumwe hadi Soni haliwaki. Zikaazimwa waya za kubusti kwenye gari la jirani. Kabla hata injini haijanguruma, hukumu ilikuwa imeshatoka midomoni mwa waliosimama pale: betri imekufa, nunua nyingine.

Dereva yule alikuwa ameshanunua nyingine. Ilikuwa na miezi minne.

Hilo ndilo tatizo kubwa la magari ya zamani katika milima ya Usambara. Betri inahukumiwa bila kupimwa, mwenye gari anatoa fedha ya hesabu ya wiki nzima, na baada ya siku chache ile tik inarudi. Betri ni mtungi tu. Anayeteka maji na kuujaza ni altaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini. Mtungi ukikutwa mtupu kila asubuhi, mtu mwenye akili huuliza kwanza kama mtekaji alikwenda kisimani, au kama mtungi una ufa unaovujisha usiku. Kununua mtungi mpya bila kuuliza hayo ni hasara, na hasara hiyo inawaangukia watu wanaoishi kwa nauli ya siku.

Milima yenyewe inachangia kuficha ugonjwa. Tangu enzi za Land Rover, dereva wa Lushoto amejua kuegesha mahali penye mteremko. Asubuhi anaachia breki, gari linaserereka, anaingiza gia ya pili, anaachia klachi, injini inawaka. Kwa ustadi huo gari lenye altaneta mbovu linaweza kuishi muda mrefu bila mwenyewe kujua kiasi cha ubovu. Likiwa la dizeli ya kizamani, yenye pampu isiyohitaji umeme mwingi, ndiyo kabisa: likishawaka linakwenda hadi Tanga. Leo mambo yamebadilika. Barabara zimejaa magari ya mtumba kutoka Japani, mengi yao otomatiki ya petroli, na haya huhitaji umeme kila sekunde kwa ajili ya plagi, pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Umeme ukishuka, injini inazimika popote ilipo.

Na popote hapo panaweza kuwa kona za kati ya Soni na Mombo. Barabara hiyo, yenye urefu wa kilomita zipatazo 33 kutoka Lushoto hadi barabara kuu pale Mombo, inateremka karibu mita 1,000 huku ukuta wa mlima ukiwa upande mmoja na korongo upande wa pili. Injini ikizimika hapo, msaada wa breki unaotegemea mvuto wa hewa wa injini hubaki wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Kwa hiyo gari la abiria lisilochaji ni suala la usalama sawasawa na tairi lililokwisha, na polisi wa usalama barabarani wanaokagua matairi na taa wangefanya vyema kuangalia pia kama taa nyekundu ya betri inazimika injini inapowaka.

Safari hiyo hiyo ya kushuka na kupanda inaiumiza betri kwa namna nyingine. Joto ndilo linaloizeesha betri. Kwa kanuni inayotumiwa sana na wataalamu, kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hupungua kwa takriban nusu. Gari linaloshinda kwenye jua la Mombo, boneti ikiwa ya moto hadi haishikiki, linachoma betri yake polepole. Kisha jioni linapanda Lushoto, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri oili imekuwa nzito na kemikali ndani ya betri imepoa. Hapo ndipo inaposhindwa. Watu wanalaumu baridi ya Lushoto, kumbe jeraha lilipatikana tambarare.

Ongeza barabara za vumbi za kuelekea Mtae na Mlola. Betri ambayo haikufungwa na chuma chake, ikashikizwa kwa kipande cha mpira wa tyubu, hucheza kutwa nzima hadi unga wa risasi unabanduka kwenye bamba na kutuama chini. Ukitosha kugusisha bamba mbili, chumba kimoja kati ya vile sita kinakufa, na betri ya volti 12 inabaki na 10 na kidogo. Nati moja na kipande cha chuma vingeiokoa.

Kupima hakuhitaji maabara. Mita ndogo ya umeme, ile ambayo mafundi wa redio na simu wanayo mezani, inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri yenye afya iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikisoma 12.0 iko hoi. Mtu akipiga stata huku mita ikiwa imeshikishwa, isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, namba inatakiwa ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, kosa liko upande wa kuchaji. Ikipita 15, altaneta inachaji kupita kiasi na inaichemsha betri, ndiyo maana maji yake yanakauka kila wiki. Na yakikauka yanaongezwa maji safi ya betri, wala si asidi, kwa sababu kinachopotea kwa kuchemka ni maji.

Kuna kipimo kingine ambacho kinapaswa kukomeshwa katika gereji zote, za Lushoto na za nchi nzima. Fundi anawasha gari, kisha anang'oa kichwa kimoja cha betri injini ikiwa inaunguruma. Ikiendelea kuwaka, anasema altaneta ni nzima. Mbinu hii ilirithiwa kutoka zama za dainamo. Kwenye altaneta, betri ndiyo inayotuliza umeme. Ikiondolewa ghafla volti zinaruka juu na kuweza kuunguza daiodi na kompyuta ya injini. Gari linaweza kuingia gereji na kosa moja dogo likatoka na mawili makubwa. Zaidi ya hayo, betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche juu yake inaweza kuilipua usoni mwa fundi.

Tena si kila mara kosa liko kwenye altaneta. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri unaweza kuzuia umeme kabisa, na dawa yake ni magadi, maji ya moto na brashi. Waya wa ethi uliokula kutu pale unapofungwa kwenye bodi huleta dalili zile zile za betri mbovu. Redio iliyofungwa kienyeji au alamu inaweza kunyonya umeme usiku kucha. Mkanda uliolegea huteleza asubuhi za unyevunyevu, na kelele yake kali inajulikana mtaani kote.

Gharama ya kukosea haiishii kwenye mfuko wa mwenye gari. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, uliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na risasi ikaingia katika damu za wakazi. Phyllis Omido, mama ambaye mwanawe mwenyewe aliathirika, aliongoza mapambano yaliyompa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kila betri nzima inayotupwa kwa kukisia inaongeza mzigo kwenye mlolongo huo wa vyuma chakavu.

Vyama vya madereva wa stendi vinaweza kuchangishana mita moja na kumfundisha mtu mmoja kuitumia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafundisha umeme wa magari; wahitimu wake wangepewa nafasi hata meza moja stendini, asubuhi, pale magari yanapogoma. Na mteja anayo haki ya kumwambia fundi, kwa heshima, nionyeshe namba kabla hujanionyesha bei.

Pale stendini mita ilipatikana hatimaye, imeazimwa kwa fundi wa simu. Noah ikiwa imeshawaka kwa kubustiwa, ilisoma 12.1. Taa kubwa zilipowashwa ikashuka hadi 11.7. Fundi akaomba injini izimwe, akarudisha ufunguo hatua moja na kutazama dashibodi: taa ya betri haikuwaka hata hapo, kwa maana balbu yake ilikuwa imeungua na haikuwa na uwezo wa kumwonya mtu yeyote. Altaneta ilifunguliwa juu ya gunia tupu. Kaboni zake mbili zilikuwa zimekwisha, zimebaki fupi kama kucha. Mpya ziliunganishwa kwa risasi ya kulehemia, balbu ikabadilishwa, mkanda ukakazwa. Saa tatu na nusu mita ilisoma 14.2, na viroba vya karoti vikaanza kupakiwa, betri ikiwa ni ile ile ya miezi minne.