BANDA KWANZA, MNYAMA BAADAYE (Sehemu ya 5)

Nesi wenu wa Buswelu nimerudi.

Leo najibu swali la mama mmoja. Kijana wake wa miaka tisa ameona video za vinyama vya Australia vinavyoitwa shuga glaida, vile vya macho makubwa vinavyoelea usiku kutoka mti hadi mti. Vya Australia havipatikani hapa, basi kamwomba baba yake amkamatie komba, naye atamtengenezea kizimba cha mbao. Mama anauliza, "Nesi, kuna shida?"

Shida ipo. Komba ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu umkamate na kumweka nyumbani bila kibali. Halafu komba ana tabia ya kujipaka mkojo wake mikononi na miguuni, kisha anarukaruka nao. Fikiria hiyo mikono kwenye vikombe vyako. Na akikung'ata mtoto, hatujui kama ana kichaa cha mbwa. Hapo jeraha linaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu mbio kituo cha afya. Mtoto akitaka kuona wanyama wa porini, mpelekeni Saanane. Kisiwa kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Boti ni dakika chache tu kutoka mjini.

Ila mtoto kutaka mnyama si kosa. Mpe sungura, au vifaranga wawili watatu. Anajifunza huruma, anajifunza kazi. Msimamo wangu ni mmoja tu, na najua wengine hamtaupenda: kama hakuna banda, hakuna mnyama. Na banda likae nje.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu naona tunavyofanya. Baba ananunua sungura Jumamosi, "banda tutatengeneza wiki ijayo." Wiki ijayo inakuwa mwezi, sungura yuko kwenye boksi chini ya kitanda cha watoto. Kuku nao wanalala jikoni pembeni ya ndoo ya maji ya kunywa. Asubuhi mdogo wa miezi kumi anatambaa palepale, kila anachookota kinaenda mdomoni. Akianza kuharisha tunasema ni meno. Jamani, meno hayaharishi! Kinyesi cha kuku kinaweza kubeba vijidudu kama salmonela na kampilobakta, na hivyo ndivyo vinavyoharisha watoto.

Na si maneno yangu tu. Mwaka 2016 watafiti Derek Headey na Kalle Hirvonen walichapisha utafiti wa vijijini Ethiopia. Watoto wa nyumba zenye kuku kwa jumla walikuwa na kimo kizuri zaidi. Lakini pale kuku walipolala ndani pamoja na watu, hali iligeuka, kimo cha watoto kilikuwa duni. Mmeona? Kuku mwenyewe hakuwa tatizo. Mayai ni chakula, pesa ni pesa. Cha kuangalia ni mahali anapolala.

Najua mtaniambia, "Nesi, akilala nje ataibiwa." Ni kweli, wezi wapo, vicheche wapo, mbwa wa jirani wapo. Ndiyo maana nasema banda, sisemi boksi la kuegesha ukutani. Haya, kwa sungura mmoja fanyeni hivi:

1. Ukubwa. Urefu sm 120, upana sm 60, kwenda juu sm 60. Sungura lazima aweze kuruka hatua kadhaa na kusimama wima.

2. Miguu. Liinuliwe kama mita moja kutoka chini. Mdogo anayetambaa halifikii, na mbwa anahangaika. Kwa siafu, zungushieni jivu kwenye miguu. Msiweke makopo ya maji, mtakuwa mnafuga mbu.

3. Sakafu. Nusu iwe wavu wa matundu ya nusu inchi, kinyesi kidondoke. Nusu iwe ubao, apumzishe nyayo, maana wavu mtupu unamtoa vidonda.

4. Mbao. Mabanzi yanatosha kabisa. Lakini msipake oili chafu wala msitumie mbao zenye rangi ya zamani. Sungura anatafuna, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Mtoto naye anashika humohumo kisha analamba vidole.

5. Paa na mlango. Bati lizidi pembeni mvua isipige ndani, na chini ya bati pawe na nafasi hewa ipite, joto linaua sungura. Likae kivulini. Mlango uwe na bawaba, komeo na kufuli. Ncha zote za waya zikunjwe kwa nje ya wavu na kufunikwa na ubao, zisichome mkono wa mtoto.

Likae mbali na jiko na mbali na maji ya kunywa, lakini mahali unapolisikia usiku. Ukuta wa nje wa chumba cha wazazi ni mzuri.

Na usafi je? Kinyesi kizolewe kila siku, na mtu mzima au mtoto mkubwa, si wa miaka mitatu. Kila akimshika mnyama ananawa kwa sabuni. Fungeni kibuyu chirizi hapohapo kwenye banda, kikiwa mbali hatanawa. Mkiona mtoto ana mapunye au vipele vya duara, mkagueni na sungura pia, wanaambukizana.

Akina baba, hapa ndipo mnapohitajika. Mama atafagia, atapika, atamwogesha mdogo. Hilo banda lipigeni misumari nyie, na huyo kijana wa miaka tisa awashikie mbao. Ataipenda siku hiyo kuliko hata sungura mwenyewe. Likikamilika, kufuli likaingia, ndipo mkanunue mnyama.

Sehemu ya 6 nitaongelea paka na mama mjamzito. Mlio na maswali, leteni.