Bugando miaka 50: karatasi iliyotoka Simiyu

Mtoto wa wiki sita haogopi sindano kwa sababu hajaijua bado. Anayeogopa ni mama. Katika kliniki ya mama na mtoto, iwe Somanda mjini Bariadi au Mwanhuzi kule Meatu, muuguzi hushika kisigino cha mtoto, hukipasha joto kwa kiganja, hukichoma mara moja. Tone la kwanza hulifuta. Yanayofuata huyaachia yadondokee kwenye karatasi nyeupe nene yenye vijiduara. Mtoto hulia, hunyonya, husahau. Karatasi huanikwa kivulini, mbali na jua na nzi, hadi madoa mekundu yageuke rangi ya kahawa. Ikishakauka hutiwa mfukoni pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na safari inaanza: Bariadi hadi Lamadi, kona ya kushoto, Magu, Kisesa, mpaka juu ya kilima cha Bugando jijini Mwanza. Haihitaji barafu wala jokofu la njiani. Ndiyo maana zahanati isiyo na umeme nayo inaweza kuituma.

Novemba 2021, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ilitimiza miaka 50. Mwalimu Nyerere aliifungua Novemba 1971, baada ya Kanisa Katoliki kuijenga kwa msaada wa shirika la Misereor la Ujerumani. Mwaka uliofuata Serikali ikaitaifisha, na mwaka 1985 maaskofu wakarudishiwa kuiendesha. Leo ina vitanda zaidi ya 900. Kwetu Simiyu historia hiyo yote hufupishwa kwa maneno mawili, "kapelekwa Bugando", na yakitamkwa msibani au harusini watu hunyamaza kwanza.

Sifa za wodi, za upasuaji na za matibabu ya saratani zimeimbwa na wengi, na zinastahili. Sisi tunataka kusifu kitu ambacho mgeni rasmi hazungushwi kukiona: makabati ya maabara zinakotunzwa karatasi za watoto wetu.

Karatasi hizo zilikwenda Bugando na swali moja tu. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, je, ameambukizwa? Kipimo cha kawaida cha kidole hakiwezi kujibu, kwa kuwa kingamwili za mama huweza kubaki mwilini mwa mtoto hadi miezi 18. Lazima maabara itafute vinasaba vya kirusi chenyewe, na kwa kazi hiyo hutoboa kipande cha milimita chache kutoka kwenye doa. Majibu hutumwa kliniki. Karatasi hubaki, na damu iliyokauka hubaki juu yake.

Hapo ndipo mtu mwingine angefagia meza. Bugando ilitunza. Watafiti wake, wakishirikiana na wenzao wa hospitali ya watoto ya Cincinnati nchini Marekani, wakaziuliza karatasi zilezile swali la pili, la ugonjwa wa seli mundu. Sampuli 17,200 za watoto wa kaskazini magharibi mwa nchi zilipimwa, na mwaka 2020 jarida la Shirika la Afya Duniani likachapisha walichokiona. Asilimia 1.2 ya watoto walikuwa na ugonjwa wenyewe. Asilimia 20.3 walibeba kinasaba chake bila kuugua.

Ishirini kwa mia ni mtu mmoja kati ya watano. Panga mstari wa watu wanaosubiri kupima pamba kwenye chama cha msingi, hesabu tano tano, utaelewa ukubwa wake. Wawili wenye kinasaba hicho wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Malaria ina mkono wake humu: anayebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana kimedumu vizazi na vizazi katika kanda ya mbu kama yetu. Kwa miaka mingi watoto wenye vinasaba viwili walizikwa wakiwa na majina ya magonjwa mengine, au majina ya majirani waliodhaniwa kuwaroga. Siku hizi mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini ya kumkinga, dawa za kuzuia malaria na, inapopatikana, haidroksiyurea, dawa inayopunguza maumivu na mahitaji ya kuongezewa damu.

Kwa maarifa hayo yote hakuna kisigino cha pili kilichochomwa. Hiyo ndiyo faida ya benki ya sampuli: damu iliyotoka mara moja hujibu maswali ambayo siku ile hakuna aliyefikiri kuyauliza. Nako katika hospitali ya Muhimbili, tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa wa seli mundu na kuhifadhi sampuli zao. Sampuli hizo zimesaidia kutafuta kwa nini wengine huendelea kutengeneza himoglobini ya kichanga hata wakiwa wakubwa, jambo ambalo huupunguzia ugonjwa makali.

Sasa tuseme linalosemwa chini chini. Damu katika nchi hii ina historia. Wazee wetu walimjua mumiani kabla ya kumjua mtafiti, na tusiwacheke. Minyoo ya matende hujitokeza kwenye damu nyakati za usiku, kwa hiyo watafiti wa enzi za mkoloni, waliokuwa na kituo chao Mwanza tangu 1949, ilibidi wachukue damu giza likishaingia. Mtu anayepiga hodi usiku akitaka damu yako, kisha harudi kukueleza alichokiona ndani yake, ulitaka aitwe nani? Na Kanda ya Ziwa imeona watu wenye ualbino wakiuawa kwa sababu kuna aliyetangaza kwamba viungo vyao ni mali. Mama wa Itilima anayeuliza damu ya mwanawe inakwenda wapi ana haki ya kuuliza, na ana haki ya kujibiwa kwa Kisukuma.

Zaidi ya hapo, kila karatasi tuliyoizungumzia ina siri mbili. Ya kwanza ni afya ya mtoto. Ya pili ni ya mama: kuwemo tu kwa karatasi ya mtoto kwenye kabati lile kunamtangaza mama kuwa anaishi na VVU. Jina likivuja, hakuna haja ya kusoma matokeo. Ndiyo maana sampuli ya utafiti hutembea na namba, na daftari linalounganisha namba na jina huwekwa mbali, kwa watu wachache wanaohesabika. Tena namba peke yake haitoshi vijijini. Ukiandika kwenye ripoti kwamba mtoto fulani wa kitongoji fulani ana hali fulani, wanakitongoji watamtaja kabla hujafunga kalamu. Ramani nzuri ya ugonjwa inaishia kwenye wilaya.

Kinga nyingine ni za kisheria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ndiyo inayotoa kibali cha utafiti wa afya, na sampuli haivuki mpaka bila makubaliano maalumu ya kuihamisha. Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ipo tangu 2009. Katiba, ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya faragha yake. Lakini hadi 2022 Tanzania haikuwa na sheria mahsusi ya kulinda taarifa binafsi, ilhali taarifa za damu zilikuwa zimeshahama kutoka daftarini kwenda kwenye kompyuta. Bunge lilichelewa hapa.

Bugando yenyewe tunaiomba jambo moja. Kila mtoto ambaye sampuli yake, katika utafiti wowote, itaonyesha ugonjwa unaotibika, afuatwe hadi kijijini kwao, kimya kimya, aanzishiwe dawa. Hili liwe kanuni iliyoandikwa, lisitegemee hisani ya mtafiti wala muda wa mradi wa mfadhili.

Nawe mayu, mama unayesoma haya ukiwa na mtoto mgongoni: ukiletewa fomu ya ridhaa kliniki, uliza mambo matatu kabla ya kuweka dole gumba. Damu itakaa wapi, nani ataisoma, na nikibadili nia nimwambie nani? Matibabu ya mwanao ni haki yako hata ukikataa. Wasipokujibu, usisaini.