Sinema na Jeraha la Nafsi

Methali yetu yasema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni ukindu tu wa kusukia mikeka. Haumi wala hauna sumu. Hata hivyo methali haimcheki anayeshtuka. Haimwiti mwendawazimu, haiwaonyi majirani wamkimbie, wala haiahidi kuwa akielezwa kosa lake hofu itamwisha siku ile ile. Yakiri kuwa aliumwa, na kwa hiyo hushtuka.

Msomaji, nakuomba uifanye methali hii mizani, upime kwayo zile picha za sinema ambazo kitisho chake hakitoki kwa simba wala kwa majambazi, bali hutoka katika nafsi ya mtu aliyepata kuumizwa. Nashikilia kwamba nyingi katika hizo humwonea aliyeumia, na kwamba uonevu huo hutendwa kwa kamera zaidi kuliko kwa maneno.

Tuanze na Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, ambaye wengi humhesabu kuwa bingwa wa sinema za taharuki. Katika Spellbound ya mwaka 1945, kijana aliyepotewa na kumbukumbu hupatwa na hofu kila aonapo mistari juu ya kitu cheupe, hata mistari iliyochorwa kwa uma juu ya kitambaa cha meza. Huo ndio ung'ongo wenyewe! Mchoraji Salvador Dalí alibuni mandhari ya ndoto ya kijana huyo: mapazia yaliyojaa macho, na mtu akiyakata kwa mkasi. Ni ufundi wa ajabu. Lakini kijana akumbukapo ajali ya utotoni iliyomwua ndugu yake, hofu yake hufunguka kama kufuli lililopata ufunguo. Katika Marnie ya mwaka 1964 kioo kizima cha sinema hugeuka chekundu kila mwanamke yule anapoogopa rangi hiyo. Huko nako tukio moja la utotoni likikumbukwa, hadithi hufika mwisho wake. Picha hizi mbili zina huruma, lakini zafanya jeraha kuwa kitendawili: ukikitegua, umepona. Nani kati yetu amepata kuona msiba uliokwisha kwa kukumbukwa mara moja?

Psycho ya mwaka 1960 yakosea vibaya zaidi. Mauaji ya bafuni hayafiki dakika moja, nayo yameunganishwa kwa vipande vya picha vipatavyo 50, hata mtazamaji hudhani ameona kisu kikipenya mwilini. Mwuaji ni Norman Bates, kijana aliyeharibikiwa nafsi tangu utoto wake. Ufundi wote ulitumiwa kwa ajili ya kisu. Jeraha la Norman likaachiwa daktari alieleze kwa hotuba mwishoni, mgonjwa mwenyewe akiwa chumba kingine. Twatoka tukimwogopa, na ni nadra tulipouona ulimwengu kama yeye alivyouona.

Sasa ilinganishe na Vertigo, ambayo Hitchcock huyo huyo aliitoa mwaka 1958. Askari wa upelelezi wa San Francisco aning'inia ukingoni mwa paa, na mwenzake ajaye kumwokoa aanguka na kufa mbele ya macho yake. Tangu hapo, kila atazamapo chini kutoka juu, ardhi humkimbia na kumjia kwa wakati mmoja. Jambo hili lilifanywa kwa kuisogeza kamera upande mmoja huku lenzi ikivuta picha upande wa kinyume. Nawe uketiye kitini wahisi kizunguzungu, wala huwezi kumcheka tena, kwa kuwa hofu yake imekuwa yako. Wala picha haidanganyi juu ya kupona: mwishoni aweza kutazama chini bila kutetemeka, lakini alichokitazama ni kifo cha mwanamke aliyempenda.

Repulsion ya mwaka 1965 yafuata njia hiyo. Msichana akaa peke yake katika nyumba mjini London. Kuta zapasuka, na mikono yatoka ukutani kumkamata. Hakuna daktari wa kutueleza. Kamera yamalizia kwa kuisogelea picha ya jamaa yake, ambamo yeye alikuwa mtoto mwenye macho ya mbali. Hata hii ina dosari moja kubwa: yamfanya mgonjwa kuwa mwuaji, kana kwamba aliyeumizwa hana budi kuumiza.

Yamkini utaniambia kuwa sinema ni burudani, na kuwa hakuna asiyejua kuwa ni mchezo. Nami nilisema hivyo zamani. Kisha nikafundisha kijana aliyenusurika katika moto. Moshi wa jikoni ulipoingia darasani, alitoka mbio bila ruhusa. Wenzake, waliokuwa wamezitazama picha hizo katika simu, wakampa jina la mwuaji mmoja wa sinema, nalo likamganda. Mimi mwalimu wake nilimwadhibu mara mbili kwa utoro kabla ya kumwuliza alikuwa akikimbia nini. Jina lile hawakulitunga wao, waliuziwa. Nami kosa langu lilikuwa lile lile la kamera ya Psycho: nilimtazama kutoka nje.

Kwa hiyo, kijana, sikukatazi sinema. Nakutaka uitazame kwa macho ya mwamuzi. Jiulize kamera imesimama wapi: je, yaona pamoja na aliyeumia, au yamwonyesha kama kioja sokoni? Na kesho mwenzako akishtuka kwa kitu usichokiona wewe, usimtafutie jina. Kaa karibu naye mpaka atulie. Akitaka kusema, msikilize.