Daftari la wiki: Tarumbeta tano, picha moja

Jinja, Uganda, saa sita mchana. Mji uko karibu mno na ikweta, na jua likifika utosini kivuli huangukia machoni: mtu mwenye macho maangavu anatoka pichani na mashimo mawili meusi. Kwa hiyo nawashukuru mafundi waliojenga maduka ya zamani ya Wahindi kwenye barabara kuu na kuyapa baraza. Chini ya dari lile mwanga huingia umepoa. Namweka mtu ukingoni atazame barabara, giza la duka likiwa nyuma yake, kisha nanyamaza mpaka asahau kukaza midomo.

*

Bigwala ndiyo iliyonishughulisha kuliko yote. Ni muziki wa tarumbeta za vibuyu wa Ufalme wa Busoga, na kila tarumbeta ina sauti yake, moja tu au karibu na hapo. Wimbo hupatikana watu watano au zaidi wakipokezana, huyu akidaka pale alipoachia mwenzake. Mwaka 2012 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wakati huo wazee waliojua kuzitengeneza, kuzipuliza na kuzicheza walikuwa wamebaki wanne. Wanne! Hawatoshi hata seti moja. Kwamba leo kuna vijana wanaopuliza ni kazi ya watu kama James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, aliyehangaika wazee wakutane na wanafunzi wakiwa bado na pumzi.

Nilitaka kumpiga kila mpulizaji peke yake, picha ya uso, kama tunavyowapiga waimbaji wa mjini. Mzee mmoja akaniambia, kwa upole, nisubiri wenzake wafike. Nadhani yeye ndiye aliyeielewa kazi yangu. Mpulizaji aliyesimama peke yake ameshika sauti isiyo na wimbo. Tuliwasubiri, wakajipanga bega kwa bega, na kila uso ulikuwa ukimsikiliza jirani yake.

*

Embaire, yale marimba makubwa ya Busoga yanayolazwa juu ya shimo, yana shida nyingine: wapigaji huinamia mbao, ukisimama unapata visogo. Lala chini.

Jukwaani usiku, taa nyekundu na za bluu humeza ngozi nyeusi. Tangu tamasha la Nyege Nyege lianze Jinja mwaka 2015, nimeona picha nyingi ambamo moshi unaonekana vizuri kuliko mwimbaji. Mimi husubiri ile nukta taa nyeupe inapopita usoni.

*

Mbale, harusini, chini ya mlima Wanale. Kadodi ni ngoma ya imbalu, tohara ya Wamasaba ya kila mwaka wa shufwa, lakini siku hizi hukodiwa hata kwa harusi na kampeni. Wapigaji hutembea na ngoma mabegani, nami narudi kinyumenyume mbele yao. Kwa kasi ya 1/500 mikono huganda na ngoma inakuwa bubu. Kwa 1/30, ukienda kwa mdundo wao, mikono hufutika na uso unabaki.

Wakati wa imbalu kijana hupakwa unga usoni, weupe juu ya weusi, na kipimo cha mwanga cha kamera huchanganyikiwa. Pima kwenye shingo. Kisu sipigi. Uso wake kabla ya kisu unatosha, na ndio atakaotaka kuwaonyesha wanawe.

*

Kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale, kwa Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na kiongozi Semei Kakungulu mwaka 1919. Ijumaa jua likizama Sabato huingia na kamera hubaki begini. Nimesikiliza zaburi zao za Kiganda bila kutafuta pembe, nikasikia mengi zaidi.

Mpiga picha Richard Sobol na mtafiti wa muziki Jeffrey Summit walitoa kitabu juu yao mwaka 2002, na mwaka uliofuata Smithsonian Folkways ikatoa albamu ya nyimbo alizorekodi Summit. Nyuso na sauti za watu wale wale zimehifadhiwa. Wapiga kadodi nao wanastahili hivyo, na nakala ya kwanza ibaki Mbale.