Roboti za skrapu: mnunuzi yupo, risiti hakuna

Plagi kuukuu ya pikipiki huwa kichwa. Nati mbili ni macho, mnyororo uliokatika ni mikono, gia iliyoisha meno ni kifua. Fundi wa kuchomelea akimaliza milango na madirisha ya wateja, mabaki hayo hayo huyaunda roboti ya kimo cha chupa ya soda, na mgeni akipita huitoa pesa bila maneno mengi. Malindi ni mji wa bodaboda na watalii wa Kiitaliano. Kwa nini basi kazi hii haitoki pale kando ya barabara?

Wengine husema ni msimu. Ni kweli, masika ikiingia Aprili hoteli kadhaa hufunga milango na ufuo hubaki na wenyewe. Wengine hulaumu hewa ya chumvi, maana sanamu isiyopakwa vanishi huota kutu kabla haijapata mteja. Hayo mafundi wameshayazoea. Hata kimo wamekipunguza, kwa kuwa mgeni hupimiwa mzigo uwanja wa ndege.

Kinachowabana hasa ni karatasi.

Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka anayefanya biashara ya skrapu awe na leseni. Ilitungwa kwa sababu ya haki, kwani nyaya za umeme na vyuma vya reli vilikuwa vikiibwa na kuishia kwenye mizani. Lakini tukumbuke Januari 2022. Minara ya umeme ilianguka Nairobi, nchi ikaingia gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu hadi Mei. Miezi ile, mwizi wa nguzo na kijana mwenye gunia la nati walitiwa kapu moja.

Marufuku yaliondoka, hofu ikabaki. Fundi hununua kwa kilo kutoka kwa mwenye mkokoteni, ambaye hana risiti ya kumpa. Akiulizwa chuma kilitoka wapi, ana mdomo wake tu. Tangu Januari 2024 mambo yamezidi: mfanyabiashara anayetaka gharama zake zitambuliwe na KRA lazima awe na ankara ya eTIMS. Hoteli ikitaka sanamu 50 za duka lake, haitanunua kwa mtu asiye na ankara. Itampigia dalali mwenye kampuni, naye dalali atakuja gereji na bei yake mfukoni. Aliyeunguza macho kwa moto wa kuchomelea hupata sehemu ndogo kuliko zote.

Wenzetu wa plastiki wametangulia. Watamu, chama cha bahari cha huko kimeunganisha wasafishaji wa fuo na kazi ya kuzirejeleza taka. Lamu, Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki, likavikwa ndara 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Hakuna aliyewauliza ndara zile ziliibwa kwa nani! Lakini pia walikuwa na jina la pamoja la kuandikia mkataba, na hilo ndilo mafundi wetu hawana.

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mashinani, utamaduni na vyama vya ushirika. Yote manne yanakutana kwenye roboti hii moja. Kilifi inaweza kuwaandikisha mafundi hawa chama kimoja cha ushirika, chenye leseni moja, daftari moja la kuandika kila kilo iliyonunuliwa na aliyeiuza, na akaunti moja ya eTIMS. Afisa wa ushirika hahitaji bajeti mpya kuzunguka gereji za Malindi, Watamu na Kilifi mjini akiwa na fomu. Afanye hivyo mafundi wakiwa bado wana nafasi, kabla ya wageni wa Julai.