Daftari la wiki: Maana tunayoitafuta wenyewe

Wiki hii nimerudia Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu asiyeona maana ya kuzaliwa wala ya kufa, anaishia kujiua. Mimi sina dini, na kila nikifika ukurasa wa mwisho nagombana naye. Swali lake ni la haki. Jibu lake nalikataa. Kama hakuna aliyetupangia maana kabla hatujazaliwa, basi kazi ya kuitafuta ni yetu, na ni kazi nzuri. Namtazama Kezilahabi mwenyewe, mtoto wa Namagondo kule Ukerewe. Baada ya Kazimoto aliendelea kuandika: Nagona ikatoka mwaka 1990, Mzingile mwaka 1991, na akafundisha Dar es Salaam na Botswana. Alifariki Januari 2020. Anayeamini kweli kwamba maisha ni bure hahangaiki na sentensi kiasi kile.

* * *

Majabali ya hapa Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziwa lililo chini yake ni changa mno, lilikauka likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Juzi jioni nilikaa juu ya jabali nikimtazama mjusi dume, kichwa na mabega ya waridi, mwili wa buluu, akiinua na kushusha kichwa kumtisha mwenzake. Rangi ile haikuwekwa pale kwa ajili yangu. Inamtosha yeye na majike wake, nami nikapata bahati ya kupita. Furaha niliyokuwa nayo sijui niiite nini, ila shukrani imo.

* * *

Katika sensa ya Kenya ya 2019, watu zaidi ya 755,000 walisema hawana dini. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, na naona ni heri.

* * *

Huwa naulizwa: msibani unamwambia nini mfiwa? Mara nyingi, simwambii kitu. Jirani yetu alipofiwa na mumewe tulifunga turubai, tukakusanya rambirambi, vijana wakaenda kuchimba kaburi. Wakati wa sala niliinamisha kichwa kwa heshima yake. Mama mmoja aliyekuwa jikoni alikuwa ameniona.

"Baba, wewe mbona huombi?"

"Siombi, mama. Lakini nipo."

"Haya, shika upande huo wa sufuria."

Tukaiteremsha kutoka kwenye jiko la kuni, wali wa watu mia na ushee, moshi ukitutoa machozi wote wawili.

Siamini kwamba nitakutana tena na waliotangulia, na kwa sababu hiyo siwezi kuahirisha walio hai. Jumamosi napanda kivuko kwenda Nansio, Ukerewe, kwa shangazi. Amevuka miaka 80, na habari za babu yangu bado hajanimalizia.