Chovya Chovya Humaliza Meno



Wengi wetu tunaamini kwamba ukipiga mswaki asubuhi na usiku meno yamesalimika, hata ukishinda na pipi mdomoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapojidanganya.

Jino halitobolewi na mdudu anayetambaa ndani yake, kama wanavyosema watu mitaani. Katika ukoga ulioganda juu ya meno mna bakteria. Tunapokula kitu kitamu, nao hula sukari hiyo na kutoa tindikali inayolainisha gamba la jino. Mate huiosha tindikali hiyo na kulirudishia gamba madini yake, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa hadi saa nzima. Mwenye kula kashata saa nane, akanyonya pipi saa nane na nusu, kisha akafungua juisi ya pakiti saa tisa, hayapi mate yake nafasi hata kidogo. Tindikali ya kwanza haijaondoka, ya pili imeshafika.

Jambo hili si la kubahatisha. Katika miaka ya 1940, kwenye hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa njia mbalimbali bila kuombwa ridhaa. Ilikuwa ni dhulma. Lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 1954 yalionyesha kwamba sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru meno kidogo, na pipi za kunata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliyaharibu vibaya.

Wapo watakaosema, "Mbona mabibi zetu walikula halua na tende?" Ni kweli, walikula. Lakini halua ilikuwa ya harusi na Idi, ikaliwa kwa kahawa chungu, kisha sinia ikaondolewa. Sisi tunachovya kutwa nzima, na wahenga walishasema: chovya chovya humaliza buyu la asali. Soda ya mililita 300 peke yake ina sukari ya vijiko vya chai 7 hadi 8, ilhali Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban vijiko 6 kwa siku kwa mtu mzima.

Sunna ya mswaki ni neema kubwa, tusiiache. Lakini anayepiga mswaki mara tano na kula pipi mara kumi, hesabu yake haitimii. Na magego ya kwanza ya utu uzima huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Wadogo zetu wa darasa la Alifu wanayo tayari, na yakishang'olewa hayaoti mengine.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kitamu kiliwe pamoja na chakula, na baina ya milo tunywe maji. Pili, katika Ramadhani, kaimati na sharubati ziishie kwenye futari. Tusizitafune hadi daku, na tusilale kabla ya kupiga mswaki, kwani usingizini mate hupungua. Tatu, naomba uongozi wa chuo uzungumze na mama zetu wanaouza mlangoni. Hatutaki kuwanyima riziki. Wauze karanga, matango na mapera, nasi tununue hivyo. Mapera yana vitamini C kwa wingi, nayo huimarisha ufizi. Ubuyu wa rangi na pipi viachwe wakati wa masomo.

Chuoni tunafundishwa kutamka kila herufi mahali pake. Thaa na dhali hutamkwa kwa ncha ya ulimi kwenye meno ya mbele. Meno hayo yakiisha, tutazisoma vipi?